Mbwa wa Dada Yangu na Bajeti ya Halmashauri



Katika ukurasa huu nimezoea kujadili bajeti, ajira za vijana, sheria zinazotungwa zikasahaulika, na mwenendo wa serikali za mitaa. Leo nitajadili mbwa. Najua wapo watakaodhani kwamba likizo imenilegeza akili. Wapo pia wanaharakati, baadhi yao wanafunzi wangu, watakaosema kwamba katika nchi ambayo mama mjamzito bado hubebwa kwa pikipiki kwenda kujifungua, mhadhiri hana haki ya kupoteza maneno yote haya juu ya mnyama. Nawaomba wanivumilie. Mambo yote manne niliyoyataja yamo ndani ya habari ya mbwa huyu.

Mbwa mwenyewe ni jike wa miaka mitano, rangi ya udongo, wa aina ile tunayoiita ya kienyeji kwa kukosa jina jingine. Anaishi kwa dada yangu katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, kati ya Liuli na Mbamba Bay. Jina lake ni Watasema. Shemeji ndiye aliyempa, na msomaji aliyekulia kijijini anajua kwamba jina la mbwa ni barua ya wazi kwa majirani. Wakati ule shemeji alikuwa amenunua injini ya boti, na maneno yalikuwa mengi. Kila jioni alisimama mlangoni akamwita mbwa wake kwa sauti ya juu, na kila aliyehusika akasikia.

Mchana Watasema hukaa karibu na vichanja vya usipa akifukuza kunguru na kuku. Usiku hulinda nyavu na hiyo injini. Msimu wa mazao hushinda shambani na watoto kuwazuia nyani na nguruwe pori. Ujira wake ni ugali wa muhogo uliolala na vichwa vya samaki. Niliwahi kukisia kazi hiyo ingegharimu kiasi gani kama dada angeajiri mlinzi, nikaiacha hesabu njiani, kwa sababu ilikuwa inanionyesha tu kwamba dada asingeweza kumwajiri mtu yeyote.

Julai, nikiwa kwa mama huku Mbinga na msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, dada akanipigia simu. "Kaka, Watasema anakunywa maji hakomi. Tumbo limejaa kama ana mimba, na mimba hana. Tena anatoka usaha." Alikuwa ametoka katika joto wiki sita kabla. Afisa mifugo wa kata alifika siku ya pili, akamkagua, akasema jambo ambalo watumishi wengi wa umma hawana ujasiri wa kulisema: kwamba ugonjwa anaujua, kwamba dawa yake ni kisu, na kwamba yeye, kwa cheti alichonacho, sheria haimruhusu kukishika. Akampiga sindano ya antibiotiki ili kununua muda, akatuambia tumtafute daktari.

Ugonjwa huo ni usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Huwapata majike ambao hawajaondolewa kizazi, hasa wanapoanza kuzeeka, wiki chache baada ya joto. Homoni huuandaa mfuko kupokea mimba, bakteria hutangulia, mfuko hujaa usaha, sumu huingia katika damu, na figo huanza kushindwa. Ndiyo maana mnyama hunywa maji bila kutosheka. Sindano peke yake mara nyingi huahirisha kifo tu. Tiba ya uhakika ni kupasua tumbo na kuutoa mfuko wote pamoja na ovari zake.

Daktari wa karibu aliyekuwa tayari kufanya hivyo alikuwa Mbinga mjini. Bodaboda watatu walikataa kumpakia mbwa mwenye usaha, na siwalaumu. Shemeji akapata kirikuu kilichokuwa kinapeleka usipa, wakamlaza Watasema kwenye tenga nyuma. Barabara ya lami ya kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, kilomita zipatazo 66 za kona juu ya kona, ndiyo iliyomwokoa kabla ya daktari. Wale wa umri wangu wanaikumbuka njia ile ya zamani wakati wa masika. Asingefika.

Kijana aliyempasua ana shahada ya tiba ya wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, masomo ya miaka mitano, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Huu ni mwaka wake wa tatu wa kusubiri ajira. Kwa sasa anaendesha kliniki ya chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na riziki yake hasa inatokana na dawa za minyoo na chakula cha kuku. Msaidizi wake aliponisikia naitwa Daktari alinikabidhi glovu; ikanibidi nieleze kwamba udaktari wangu ni wa falsafa na kwamba kitu pekee ninachoruhusiwa kupasua ni hoja. Umeme ulikatika katikati ya kazi, tukamalizia kwa tochi za simu. Mfuko uliotoka ulikuwa mzito kama mfuko wa unga wa kilo moja. Gharama zote zilikuwa karibu na bei ya mifuko miwili ya mbolea.

Naandika haya yote ili nifike kwenye yale yaliyofuata, kwa kuwa upasuaji ulichukua saa moja na nusu, na uuguzi ulichukua wiki mbili. Na ni katika wiki hizo mbili nilipojifunza jambo la kuwaambia watunga sera.

Usiku wa kwanza alilala kwa mama. Mbwa aliyetoka katika nusukaputi hupoteza joto la mwili, na Julai ya milima ya Umatengo haina huruma. Tulijaza maji ya moto katika chupa za plastiki, tukazifunga kwa khanga ili zisimwunguze, tukazipanga mgongoni na tumboni. Daktari alituagiza tumgeuze ubavu kila baada ya muda, tumwangalie fizi: zikiwa za waridi, damu inatembea, zikiwa nyeupe kama karatasi, anavujia ndani na tumpigie simu saa yoyote. Mama yangu ni mtu ambaye maisha yake yote hajaruhusu mbwa kuvuka kizingiti. "Mwanangu, mbwa ndani ya nyumba?" aliniuliza, na nikajua kwamba halikuwa swali. Saa nane usiku nilipoamka kubadilisha chupa nilikuta zimekwisha kubadilishwa.

Asubuhi jirani mwema alileta vidonge vya diklofenaki ili mgonjwa asiumie. Hapa nasisitiza, kwa sababu vidonge hivyo vimo karibu katika kila nyumba: diklofenaki na ibuprofeni, dawa tunazomeza sisi bila kufikiri, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Mbwa ana dawa yake ya maumivu, kwa kipimo cha uzito wake, na hiyo hutolewa na daktari wake. Wangapi wameua mbwa wao kwa huruma, sijui tutawahesabu vipi.

Siku ya nne aliteremka ziwani, na matatizo yakageuka. Baridi ilibaki juu. Huku chini kulikuwa na joto, mchanga, na nzi. Kidonda cha mnyama kikiachwa wazi mwambao hushikwa na funza haraka. Halafu kuna maji. Watasema huingia ziwani kila siku kama watoto waingiavyo, na mshono haupaswi kulowa hadi nyuzi zitolewe, yaani siku kumi hadi kumi na nne. Ikabidi afungwe, kwa kamba laini ya nyavu chakavu iliyosukwa, kivulini, ndani ya chumba cha kuhifadhia zana. Mbwa ambaye hakuwahi kufungwa hata siku moja alilia usiku mzima, na kijiji kizima kikajua kwamba Watasema amerudi.

Mwuguzi mkuu alikuwa mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja. Alichukua ndoo ya plastiki, wakaikata kitako na baba yake, wakaifunga shingoni ili mbwa asiweze kuulamba mshono. Ukilinganisha na zile kola za dukani za mijini, ndoo ina uzito zaidi na mbwa hugonga kila mlango, lakini ilifanya kazi. Alimpa uji mwepesi wenye mchuzi wa usipa usio na chumvi, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, bila mfupa wowote. Alimtembeza kwa kamba kwenda haja na kurudi, basi. Daktari alikuwa amewaazima kipimajoto, na binti yule alifungua daftari la hesabu akachora safu: tarehe, joto la asubuhi, joto la jioni, amekula, amekojoa, mshono ukoje. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, juu ya letu, na alilijua hilo kuliko mimi. Kila jioni shemeji alipanda kwenye mwamba unaopata mtandao akamtumia daktari picha ya mshono.

Siku ya sita ndoo ilichomoka usiku. Asubuhi nyuzi mbili zilikuwa zimeng'olewa na mahali pale palikuwa pamefunguka kiasi cha ukucha. "Mjomba," alinipigia simu akiwa analia, "utumbo utatoka?" Nyuzi zilizong'oka zilikuwa za ngozi tu, za ndani, zinazoshika ukuta wa tumbo, zilikuwa salama. Daktari alimwelekeza kwa simu namna ya kuosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, kukausha, kufunika kwa kitambaa safi, na kutazama uvimbe, joto na harufu. Palijifunga penyewe. Nilisoma daftari lile baadaye. Nimesahihisha tasnifu za uzamili zenye takwimu zilizokusanywa kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Sasa nije kwenye pingamizi, kwa maana lilitolewa usoni pangu na mtu mwenye haki ya kulitoa. Bibi mmoja, jirani wa dada, alitukuta tukimpima mbwa joto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda. "Mwalimu," alisema, "mjukuu wangu alilazwa na malaria, tukaambiwa dawa nyingine tukanunue nje. Sasa huyu mbwa ana daktari wa kwenye simu?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu dunia imepangwaje.

Jibu rahisi lingekuwa kwamba fedha ni zangu na ninaweza kuzitumia nitakavyo. Ni kweli na halina maana yoyote. Jibu la pili, ambalo watetezi wa wanyama hulitumia, ni kwamba huruma haigawanyiki, ukimpa mbwa hujamnyima mtoto. Hilo ni zuri kanisani, lakini mfuko wa bibi yule hugawanyika kila siku. Ninavyoona mimi, bibi ameigusa aibu yenyewe. Huduma ya mbwa yule ilipatikana kwa sababu ndugu mmoja wa familia analipwa mshahara wa chuo kikuu. Huduma inayowategemea ndugu wenye mishahara si huduma, ni bahati. Na bahati hiyohiyo ndiyo inayoamua kama mjukuu wake atapata dawa. Bibi na Watasema wako kwenye foleni moja.

Wanaoishi Umatengo wataelewa haraka ninachosema wakimweka nguruwe mahali pa mbwa. Huku kwetu nguruwe ndiye benki. Ada ya kidato, mazishi, mbolea ya kahawa kabla mauzo hayajalipwa: yote hutoka bandani. Homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia, ambayo tiba haina, banda huisha ndani ya wiki moja, na kinachoweza kuokoa banda la jirani ni mtu mwenye taaluma kufika mapema, kulitambua, kuzuia nyama isiuzwe na wanyama wasisafirishwe. Mtu huyo ni yuleyule aliyepaswa kuwepo kwa ajili ya mbwa. Huwezi kuwa na daktari wa nguruwe siku ya mlipuko ikiwa hukuwa naye siku za kawaida za kushona, kuhasi na kuchanja. Daktari hukaa mahali penye kazi ya kila siku na pa kulala.

Nchi hii haikukosa mawazo. Mafunzo ya shahada ya tiba ya wanyama yalianza Morogoro mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya SUA kuzaliwa mwaka 1984. Sheria ya Veterinari ilitungwa mwaka 2003, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Hii ya pili inamtaka mwenye mnyama amlishe, amtibu na asimtese, na mbwa yumo ndani yake kama ng'ombe alivyomo. Wanafunzi wangu wa sheria hushangaa wanapoisoma, kwa kuwa hawajawahi kuisikia ikitajwa. Kilichotokea kati ya vitabu hivyo na kijiji ni miaka ya 1990, miaka ya kupunguza matumizi ya serikali, ambapo tiba ya mifugo ilichukuliwa kuwa biashara binafsi ya kuachiwa soko. Soko likaenda penye ng'ombe wengi wa maziwa na penye miji. Kwenye mwambao wa Nyasa halikufika, na sidhani kama kuna mtu aliyetarajia kwa dhati kwamba lingefika.

Tuna makundi mawili ya wanyama ambayo serikali yetu inayaona vizuri. Kuna mnyamapori, ambaye ana hifadhi, mamlaka, askari na mtalii. Kuna mfugo wa nyama na maziwa, ambaye ana wizara na minada. Mbwa yuko katikati, wala si kivutio wala si kitoweo, na kazi yake yote, kwa kuwa hailipwi, haionekani kwenye jedwali lolote. Nilimuuliza mtendaji wa kijiji kile wana nguruwe wangapi, akanipa idadi. Nikamuuliza mbwa, akacheka.

Kicheko kile kina gharama, na gharama yake ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 1,500 kila mwaka Tanzania, na duniani watu wapatao 59,000, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza, mgonjwa hufa. Kupona ni jambo la kusimuliwa kwenye majarida ya kitabibu. Aliyeng'atwa anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha apate sindano kadhaa kwa ratiba maalumu, na familia nyingi hulazimika kuzilipia na kulipia nauli kila mara. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kwa kurudia, maambukizi hukatika na watu huacha kufa. Pemba walifanya hivyo: wakachanja, ugonjwa ukatoweka, ukaingia tena, wakachanja tena, ukatoweka tena. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu yeyote kwa ugonjwa wa kung'atwa na mbwa.

Asilimia 70, sawa. Ya wangapi? Mtendaji aliyecheka hawezi kuniambia. Halmashauri ikinunua dozi kwa kukisia, itatangaza mafanikio kwa kukisia.

Na kuna kikwazo kingine ambacho nilikielewa kwa sababu ya ndoo ile ya plastiki. Timu ya chanjo ikifika kijijini na kupanga meza chini ya mwembe, mbwa wanaoletwa ni wale wanaoweza kushikwa. Mbwa wengi wa vijijini kwetu hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu isipokuwa kwa jiwe. Mwenye mbwa anataka chanjo, anaitwa, anashindwa kumkamata mbwa wake mwenyewe. Watoto hutumwa wamburute kwa waya, mbwa anang'ata, na siku ya chanjo inageuka siku ya majeraha. Watasema kabla ya upasuaji alikuwa mbwa wa namna hiyo. Alikuwa wa familia, lakini hakushikika. Baada ya wiki mbili za kupimwa joto, kugeuzwa na kufungwa kamba, mpwa wangu anaweza kumfumbua kinywa. Watoto wanne wa majirani, waliokuwa wakija kutazama ndoo, sasa wamewazoesha mbwa wao kamba. Hakuna semina iliyofanyika. Kumtunza mnyama ndiko kunakomfanya achanjike, na kwa hiyo wanaodhani uuguzi wa mbwa ni anasa ya watu wa Masaki wanakosea hata katika hesabu ya afya ya binadamu.

Njia ambayo baadhi ya halmashauri huikimbilia ni risasi. Mbwa wazururaji wanaongezeka, malalamiko yanafika, tangazo linatolewa, bunduki inatoka. Njia hiyo imejaribiwa kwingine kwa kiwango kikubwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mbwa wengi sana waliuawa baada ya kichaa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyekaa kijijini: ukimuua mbwa wa mtu, kesho ataleta mwingine kutoka kijiji cha pili kwa sababu nyani bado wapo, na huyo mpya hana chanjo. Umewaua waliochanjwa na wasiochanjwa pamoja. Kuwaondoa kizazi majike hupunguza watoto wanaotupwa, na kunazuia kabisa ule usaha uliomleta Watasema mezani. Kunahitaji kisu, uzi na mtu aliyesomea. Tunaye, anauza chakula cha kuku.

Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa, na najua mpo, watanijibu kwamba ajira ziko mikononi mwa Serikali Kuu na kibali hakijatoka. Nakubali. Lakini zipo fedha ambazo ziko mikononi mwenu. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Kikundi cha wahitimu wa tiba ya wanyama chenye pikipiki mbili, jiko la kuchemshia vifaa na sanduku la barafu la chanjo ni mradi unaoeleweka kuliko miradi mingi niliyoiona ikipitishwa. Halmashauri iwape mkopo, kisha iwape mkataba wa chanjo na wa kuhasi kwa bei iliyopangwa, ili mkopo urejeshwe kwa kazi ya umma. Wamisionari walioanza tiba kwenye ziwa hili walielewa kwamba vijiji vya mwambao havimfuati daktari. Meli ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikuwa pamoja na mengine hospitali inayosafiri. Leo tuna lami, na wilaya ya Nyasa yenyewe, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 ili huduma zisogee karibu na watu wa ziwani.

Kwa wanafunzi wangu wa Ruvuma walioko likizo nina ombi dogo linaloweza kutimizwa kwa daftari na kalamu. Hesabuni mbwa wa kitongoji chenu: nyumba kwa nyumba, wangapi, majike wangapi, waliochanjwa wangapi na mwaka gani, wangapi wanashikika. Mpeni mtendaji nakala na mbaki na yenu. Kijiji cha dada kimeanza. Mpwa wangu amemaliza kitongoji chake na kupata mbwa 63, ambao 9 wana kadi ya chanjo.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wa kijiji kile ni mwezi ujao, na nimeomba orodha hiyo isomwe. Mwenyekiti amekubali, ila amenitahadharisha kwamba itakuwa ajenda ya nane, baada ya maji, choo cha shule na mgogoro wa eneo la kuanikia usipa, na kwamba watu huanza kuondoka kwenye ajenda ya sita. Bibi jirani amesema atakaa mpaka mwisho, kwa sharti kwamba ajenda ya tisa iwe dawa za zahanati. Nimemwandikia mwenyekiti kuiomba.